Ukoo Uliotawanyika, Kikao Kimoja: Majibu kwa Maswali Yenu

Barua nyingi za safari hii zimegusa jambo moja: wazao wa mzee mmoja wametawanyika katika nchi mbalimbali, na sasa wanataka kuonana kwa intaneti. Tumechagua maswali saba na kuyafupisha.

Wazee wameniagiza niandae kikao cha wazao wote wa babu wa babu yetu. Nina majina kama 40, na wengine nawajua kwa lakabu tu. Nianze na programu ipi? – Karani wa Ukoo

Karani, programu iache kwanza. Kikao chenyewe ni saa moja na nusu. Kazi ya orodha ni wiki sita, na kikao hufaulu au huharibika kwenye orodha.

Fungua lahajedwali yenye safu hizi: namba, jina kamili, majina mengine na lakabu, baba, mama, mwaka wa kuzaliwa, hai au marehemu, simu, mji anaoishi, na nani aliyekupa habari hizo. Safu hiyo ya mwisho watu huidharau, kisha mwaka mmoja baadaye hakuna anayekumbuka nani alisema nini.

Namba ndiyo yenye siri. Mzee wa shina mpe 1. Watoto wake, kwa kufuata umri, ni 1.1, 1.2, 1.3 na kuendelea. Watoto wa 1.3 ni 1.3.1, 1.3.2, hivyo hivyo mpaka chini. Mtindo huu ulibuniwa na Mfaransa Jacques d'Aboville mwaka 1940, na tangu hapo hatujaona mwingine unaoeleweka haraka kuliko huu. Ukihesabu tarakimu zilizotengwa kwa nukta unapata kizazi: mbili ni mtoto, tatu mjukuu, nne kitukuu, tano kilembwe, sita kilembwekeza. Ukilinganisha namba za watu wawili unapata udugu wao. Chukua 1.3.2.1 na 1.3.4.5: zinalingana mpaka 1.3, kwa hiyo wote wawili ni wajukuu wa 1.3, yaani wazazi wao ni ndugu, watoto wa 1.3. Chukua tena 1.3.2.1 na 1.3.4: huyu wa pili ni ndugu wa mzazi wa yule wa kwanza, basi aamkiwe kama shangazi, mjomba au baba mdogo, hata kama ndiye mdogo kwa umri. Ubishi wa nani amwamkie nani huishia hapo.

Kuna mambo matatu ya kuangalia. Kama mzee alikuwa na wake zaidi ya mmoja, usiwagawe watoto kwa mama zao. Wapange wote kwa umri na mama umwandike kwenye safu yake. Ukitanguliza nyumba moja umeanzisha kesi. Pili, namba ikishatolewa haibadilishwi. Akijitokeza mtoto ambaye hakuwa amehesabiwa, mpe namba inayofuata hata kama alizaliwa mapema. Mwaka wake wa kuzaliwa utaeleza. Ukiwasogeza wengine, wazao wao wote watabadilika namba na kila karatasi uliyokwisha kusambaza itakuwa ya uongo. Tatu, waume na wake walioolewa ukooni wapewe namba ya mwenzao na alama ya kujumlisha, kwa mfano 1.3.2+, maana wengi wao ndio wanaoshika simu na kumbukumbu za nyumba.

Kuhusu majina 40: kila mtu akizaa watoto wanne, mzee mmoja huwa na watoto 4, wajukuu 16, vitukuu 64 na vilembwe 256. Wewe ni kilembwe, kwa hiyo 40 bado ni mwanzo. Usitupe ujumbe kwenye kundi la simu ukisema "andikeni majina yenu". Majibu yatazama katikati ya salamu na picha za maua. Chagua msimamizi mmoja kwa kila mlango, yaani kila mtoto wa shina, mtumie ukurasa wa mlango wake peke yake, na mpe wiki mbili. Ukiona mlango mmoja una watu 60 na mwingine watu watatu, usidhani hawa hawakuzaa. Mara nyingi hakuna aliyewapigia simu. Milango ya mabinti ndiyo hupotea kwanza, kwa kuwa watoto wao hubeba jina la upande mwingine.

Tulitangaza "Jumamosi saa 2 usiku". Wengine waliingia saa sita kabla, wengine siku iliyofuata. Tufanyeje? – Nimechoka Kusubiri

Tangazo lako lilikuwa na makosa matatu ndani ya maneno manne.

La kwanza ni saa yenyewe. Sisi tunahesabu kuanzia macheo na machweo, lakini mjukuu aliyekulia ng'ambo akisoma "saa 2" anaona mbili ya kwenye simu yake. Andika zote mbili: saa 2:00 usiku, yaani 20:00. La pili ni kwamba hukusema ni saa 2 ya wapi. La tatu ni siku: kuna wazee ambao kwao siku huanza jua likizama, na "usiku wa Jumamosi" kwao ni ule wa kuamkia Jumamosi. Andika tarehe.

Dawa yake ni kuchagua saa kwa UTC, ile saa ya marejeo ya dunia, kisha kuorodhesha kila mji kwa saa yake. Mfano wa mwezi Julai, kikao kikianza 12:00 UTC: Toronto ni saa 2 asubuhi, London saa 7 mchana, Dubai saa 10 jioni, Sydney saa 4 usiku. Wote wako macho. Ongeza Vancouver, na huko ni saa 11 alfajiri. Miji ikitanuka hivyo hakuna saa itakayomfaa kila mtu, kwa hiyo msitafute. Kubalianeni nani ataumia safari hii, na safari ijayo aumie mwingine.

Usinakili orodha ya mwaka jana. Januari, 12:00 UTC ile ile ni saa 1 asubuhi Toronto na saa 5 usiku Sydney, kwa sababu nchi hizo husogeza saa zao kwa majira, tena kila upande wa dunia kinyume cha mwenzake. Marekani na Kanada, isipokuwa sehemu chache, husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi, na Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi. Katika wiki zile mbili au tatu za katikati, tofauti uliyoizoea kati yao hupungua kwa saa moja. Kurudi nyuma ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba kwa Ulaya na ya kwanza ya Novemba kwa Marekani. Kama mnaweza, epukeni Machi na mwisho wa Oktoba kabisa. Kumbuka pia India iko UTC+5:30 na Nepal UTC+5:45. Anayekadiria kwa saa kamili huwakosea hao.

Zoom, Google Meet au WhatsApp? Tunatarajia watu 70. – Mweka Hazina

Simu ya kundi ya WhatsApp hubeba watu 32, basi hiyo iwe ya kamati na ya mlango mmoja mmoja. Google Meet ya bure hubeba 100, lakini wakifika watatu au zaidi hukatwa dakika ya 60, tena haina vyumba vidogo vya kuwagawia watu. Zoom ya bure hubeba 100 na ina vyumba, ila hukata dakika ya 40. Masharti haya hubadilishwa, kwa hiyo yasome upya wiki ya kikao.

Wapo wanaojaribu kuunganisha vikao viwili vya dakika 40. Kila mnapokatika, sehemu ya watu hairudi, na wa kwanza kupotea ni wazee. Kwa watu 70, mtu mmoja alipie Zoom mwezi mmoja tu kisha asitishe malipo siku hiyo hiyo kabla hajasahau. Faraja moja: kinachohesabiwa ni vifaa. Sebule yenye watu 12 mbele ya skrini moja ni mmoja.

Waambie pia kuhusu bando. Mkondo wa megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa, na video ya kundi huwa karibu na hapo, juu au chini kidogo kwa kutegemea ubora. Sauti tupu ya kilobiti 100 kwa sekunde hula 45. Mwenye bando dogo azime kamera yake na aombe kubaki na sauti, asione haya.

Mwaka jana kila mtu alijitambulisha. Muda ukaisha tukiwa bado kwenye majina. – Binti wa Mlango wa Nne

Hesabu inaonyesha mapema: watu 60 kwa dakika moja ni saa nzima, na hakuna anayetumia dakika moja. Utambulisho uondoeni kinywani, uwekeni kwenye jina la skrini. Kila anayeingia abadilishe jina lake liwe namba, jina na mji: "1.4.2.3 Jina, Mji". Mmoja wenu akae kwenye chumba cha kusubiria akiwalinganisha na orodha na kuwasaidia wasiojua kubadilisha.

Kwa milango sita, dakika 90 tungezigawa hivi: 10 za kuingia na kupima sauti, 5 za mzee kufungua, 24 za milango kwa dakika 4 kila mmoja kupitia msemaji mmoja (waliozaliwa, waliooa na kuolewa, waliotutoka), 30 za vyumba vidogo, 15 za kurudi pamoja, 6 za picha na kuagana. Mshika saa awe kijana asiyeogopa, lakini neno la kumkatiza mzee alitoe mzee mwenzake. Hilo mlipange kabla.

Vyumba vidogo ndiyo sehemu tamu, na hapo wengi hukosea kwa kuwagawa watu kwa milango. Wa mlango mmoja wanajuana tayari! Wagaweni kwa kizazi: wenye tarakimu nne pamoja, wenye tano pamoja, watu wasiozidi wanane kwa chumba, na mzee mmoja katika kila chumba. Wapeni swali moja lenye ncha, kwa mfano "nani alikuwa wa kwanza kwenu kuhama, na kwa nini?" Mkiwaambia "zungumzeni" tu, chumba kitanyamaza.

Rekodi inayowekwa kwenye kompyuta ya mwenyeji hunasa chumba alichomo yeye peke yake. Mkitaka maneno ya vyumba vingine, kila chumba kiwe na mwandishi. Picha ya pamoja nayo: skrini huonyesha watu 25 kwa ukurasa, au 49 kompyuta ikiwa na nguvu, basi pigeni kila ukurasa, si ule wa kwanza tu.

Bibi yetu ana miaka tisini na kitu, simu yake ni ya vitufe. Tukimweka karibu na simu ya mjukuu, sauti inapiga mwangwi na mlio mkali. – Mjukuu wa Mwisho

Mlio ule hutokea pale ambapo sauti inatoka kwenye spika ya kifaa kimoja, inaingia kwenye maikrofoni ya kingine kilicho chumba hicho hicho, inazunguka na kuongezeka. Kanuni ni chumba kimoja, kifaa kimoja. Kama lazima viwe viwili, kimoja kizimwe maikrofoni na spika pia; kuzima maikrofoni pekee huacha spika ikiendelea kumwaga sauti ndani ya kile kingine.

Mjukuu aliye naye nyumbani akae upande wa sikio lake zuri, simu isimame juu ya vitabu usawa wa macho, dirisha liwe mbele ya Bibi na si mgongoni, la sivyo wataona kivuli. Mpeni nafasi yake ndani ya nusu saa ya kwanza. Watu tisini wakimsalimu kwa pamoja hasikii hata mmoja, basi kila mlango umsalimu kwa mdomo mmoja.

Masimulizi yake marefu msiyangoje siku ya kikao. Mrekodini siku nyingine kwa kinasa sauti cha simu kilichowekwa mezani, nusu mita kutoka kinywani mwake. Sauti inayopita kwenye kikao cha intaneti hubanwa na kukatikakatika. Ya mezani hubaki safi. Mkihifadhi kwa WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, mkondo mmoja (mono), kilohezi 48 na biti 16, saa moja ni kama megabaiti 346. Mpeni picha ya zamani mkononi badala ya kumuuliza "tuambie historia", na akinyamaza hesabuni kumi kimoyomoyo kabla ya kuuliza lingine. Mara nyingi lenye uzito huja baada ya kimya.

Na kwa kuwa wengine wameuliza: kuimba pamoja hakuwezekani. Wanaopiga muziki pamoja huanza kupotezana sauti zikichelewa kwa zaidi ya sehemu 30 hivi za elfu ya sekunde, na intaneti huchelewesha kupita hapo. Mmoja aimbe, wengine wote wazime maikrofoni na waitikie majumbani kwao. Mwimbaji awashe sauti halisi kwenye mipangilio, kwa sababu programu hizi huichukulia ngoma kuwa kelele na kuifuta.

Picha za zamani zilizotumwa kwenye kundi zimefifia, ukizikuza ni vumbi tupu. Na watu hawakubaliani ni nani aliye pichani. – Mtunza Albamu

WhatsApp hubana picha na kufuta habari zilizofichwa ndani ya faili, ikiwemo tarehe. Watume kama nyaraka, siyo kama picha, au waweke kwenye folda ya pamoja. Kwa kuskani, picha iliyochapishwa ifanye nukta 600 kwa inchi. Ikiwa ndogo kama ya pasipoti, 1200. Karatasi za maandishi zinatosha kwa 300. Nakala ya kuhifadhi iwe TIFF, ya kugawa iwe JPEG. Asiye na skana apige kwa simu karibu na dirisha, pasipo mwako wa taa ya simu, kamera ikiwa sambamba na picha. Jina la faili lianze na mwaka: "1958_1.2_shambani". Mwaka usiojulikana andika "195x", siyo ubunifu.

Nyuma ya picha msitumie kalamu ya wino. Hupenya na kuonekana mbele. Penseli laini, kwa wepesi, pembezoni.

Kuhusu ubishi, andika yote mawili pamoja na jina la aliyesema. Karani akianza kuamua, watu huacha kumletea habari. Miaka ya kuzaliwa nayo ifanyeni hivyo: "karibu 1920", "kabla ya 1931". Kizazi kimoja huwa miaka 25 hadi 30, kwa hiyo mama anayesemekana kumzidi mwanawe miaka tisa ni kosa la uandishi, au watu wawili wamechanganywa. Mara nyingi ni la pili, kwa sababu majina hurithiwa na wawili wenye jina moja huunganishwa kuwa mmoja.

Orodha ikipita watu 200 ihamishie kwenye programu ya nasaba. Gramps ni ya bure na hukaa kwenye kompyuta yako. Popote utakapoiweka, hakikisha inatoa faili ya GEDCOM, muundo uliotumika tangu miaka ya 1980 ambao karibu programu zote za nasaba huusoma. Kampuni ikifunga, ukoo wako unabaki mkononi mwako.

Amejitokeza kijana anayedai ni wa kwetu kupitia mtoto wa nje wa babu. Amependekeza vipimo vya DNA. Wazee wamegawanyika. – Msiri

Kwanza mjue kipimo kinaweza kusema nini. Watoto wa ndugu wawili wa tumbo moja hushirikiana wastani wa asilimia 12.5 ya vinasaba. Vitukuu wa mtu mmoja kupitia watoto tofauti, ikiwa watoto hao ni wa baba na mama mmoja, ni karibu asilimia 3. Vilembwe, chini ya 1. Iwapo babu ni mmoja lakini mabibi ni wawili, kama inavyodaiwa kwenu, kila kiasi kinapungua kwa nusu. Kati ya vilembwe, takriban jozi moja katika kumi haionyeshi kushirikiana chochote ingawa udugu upo, na wa mama tofauti hukosa zaidi. Kwa hiyo msimpime kijana na kilembwe mwenzake mkaishia hapo. Mpimeni mtu mkubwa zaidi kwa kizazi wa upande wake na mtoto au mjukuu wa babu wa upande wenu.

Kisha mjue kinaweza kusema msiloliuliza. Kipimo hicho hicho kinaweza kuonyesha kwamba mtu mwingine kabisa, aliyekaa kimya mezani, si wa baba anayemdhania. Kila anayepimwa akubali hilo kwa hiari, na mkubaliane mapema nani atayaona majibu. Wazee wasiotaka wana haki yao. Msichukue mate yao kwa hila.

Wakati mkisubiri, msimpe huyo kijana, wala mgeni yeyote, orodha yote. Mpeni sehemu ya marehemu. Kwa walio hai wekeni namba na jina peke yake, bila tarehe kamili za kuzaliwa na bila jina la mama kabla hajaolewa, kwa sababu benki nyingi huyatumia maswali hayo kumtambua mteja. Kiungo cha kikao kipitie kwa wasimamizi wa milango, kiwe na nywila. Na mtu yeyote akiomba mchango kwa jina la jamaa ndani ya gumzo la kikao, apigiwe simu kwenye namba iliyo kwenye orodha yenu, siyo ile aliyoiandika hapo.